Asilimia Ishirini

Mwaka 2017, baada ya kuacha chuo nikiwa mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nilipata kazi kwenye duka la muvi huko Githurai. Kama umekulia Nairobi au viungani mwake, duka la aina hiyo unalijua: kibanda cha mabati, kompyuta moja ya mezani iliyokuja ikiwa imeshatumika Uingereza, na ukuta mzima umebandikwa karatasi zenye majina ya filamu. Mteja anakuja na flashi yake, anachagua, unamkopia, analipa, anaenda zake. Muvi moja shilingi 50. Kazi ni kukopi tu, kutoka asubuhi hadi saa tatu usiku.

Mashine ilikuwa inasumbua. Flashi za wateja zilileta virusi, vile vinavyoficha faili zako zote na kukuachia vijialama visivyofungua kitu, na kila baada ya wiki mbili mwenye duka, ambaye sote tulimwita Mkubwa, alikuwa analipa fundi aje aisafishe. Mimi ndiye nilimshauri tuhamie Ubuntu. Nilimweleza kwamba virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, huku havitapata kazi. Akakubali. Niliweka toleo la biti 32 kwa sababu mashine ilikuwa na memori ya gigabaiti 2 tu, na kwa miezi kadhaa tukaishi vizuri.

Kisha biashara ikachangamka kidogo. Mkubwa akanunua memori zaidi, ikafika gigabaiti 8. Nikamwambia kwa kuwa sasa tuna memori ya maana, wacha niweke Ubuntu ya biti 64 ndiyo mashine iitumie yote. Namba ya toleo ni ile ile, 16.04. Niliifanya kazi hiyo Jumapili usiku. Jumatatu mambo yakaharibika.

Ilikuwa hitilafu ya ajabu. Zamani ukikopi filamu ya megabaiti 700, ule mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi ulikuwa unatambaa, lakini ulikuwa unasema ukweli. Sasa ulikuwa unakimbia. Sekunde kumi na kitu, kazi imeisha. Mteja anafurahi, anachomoa flashi, anakimbilia matatu. Jioni anarudi amekasirika: muvi inacheza dakika chache halafu inaganda, au haifunguki kabisa. Nawe ukimwambia mteja angoje, ukabonyeza pale pa kuondoa flashi salama, mashine inakujibu kwamba bado inaandika. Dakika mbili. Tatu. Filamu zikiwa mbili, karibu tano. Na humo ndani ya hizo dakika, ukijaribu kumhudumia mteja anayefuata, folda haifunguki na mshale wa kipanya unaruka kama una mafua.

"Kijana, hii mashine uliifanyia nini?" Mkubwa aliniuliza. "Tumeongeza memori ndiyo iwe polepole?"

Sikuwa na jibu. Alirudishia wateja pesa zao, akazikata kwa mshahara wangu. Mwisho wa mwezi akamrudisha fundi wake na Windows yake, na mimi nikaambiwa nipumzike kwanza. Nilipumzika moja kwa moja.

Imenichukua miaka kupata jibu la swali lake. Na jibu lenyewe ni namba moja, 20, ambayo imekaa ndani ya Linux tangu mwaka 2009. Watu wengi werevu wameigombania, wameishusha na kuipandisha, na hadithi ya namba hiyo ni hadithi ya jinsi binadamu wanavyotafuta ugonjwa wa mashine na kuukosa, wakaupata, halafu wakaacha mwingine.

*

Tuanze na karani wa parseli. Ukienda River Road kutuma mzigo Kisumu, karani anaupokea, anaandika risiti, anakupa, unaondoka. Mzigo haujaenda popote. Umewekwa stoo, nyuma yake, ukingoja gari. Risiti haisemi mzigo umefika. Inasema umepokelewa.

Keneli, yaani ule moyo wa mfumo wa kompyuta unaosimama kati ya programu na vyuma, hufanya vivyo hivyo. Programu ikisema "andika hii kwenye diski," keneli hupokea data, huiweka kwenye memori, hutoa risiti papo hapo, na programu inaendelea na shughuli zake. Diski itaandikiwa baadaye. Data iliyo stoo na haijasafirishwa huitwa chafu. Ni akili nzuri, kwa sababu memori ina kasi kuliko diski mara nyingi sana, na mara nyingine faili huandikwa na kufutwa kabla hata gari halijaja, safari ikaokolewa.

Wazo hili ni la zamani kuliko Linux. Unix ya Bell Labs katika miaka ya 1970 ilikuwa tayari inalimbikiza maandishi kwenye memori, na kulikuwa na programu ndogo iliyoamka kila baada ya sekunde 30 na kuamuru kila kilicho stoo kipelekwe diskini. Umeme ukipotea kabla ya hapo, pole.

Lakini stoo lazima iwe na kikomo. Ukiruhusu mizigo ijae hadi mlangoni, hakuna mahali pa kukanyaga. Kwa hiyo keneli ina kanuni mbili. Ya kwanza: mizigo ikifika kiwango fulani, ita gari lianze kusafirisha polepole, bila kumsumbua mtu kwenye foleni. Ya pili, iliyo kali zaidi: ikifika kiwango cha juu, simamisha foleni. Anayeleta mzigo sasa angoje hadi nafasi ipatikane.

Linux 2.6 ilipotoka Desemba 2003, kiwango hicho cha juu kilikuwa asilimia 40 ya memori inayoweza kutumika kwa kazi hiyo. Ona kwamba ni asilimia. Hakikuwa megabaiti kadhaa, wala sekunde kadhaa za kungoja. Stoo ikiwa kubwa, kikomo kinakua nacho, hata kama gari la kusafirisha ni lile lile.

Linus Torvalds mwenyewe, miaka kumi baadaye, alieleza asili ya fikra hiyo: inatoka siku ambazo mashine ya kawaida ilikuwa na memori ya megabaiti 8 hadi 64. Piga hesabu. Asilimia 40 ya megabaiti 64 haifiki 26. Diski inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde inazimaliza kwa chini ya sekunde tatu. Kwa dunia ile, kanuni ilikuwa na busara kamili. Hakuna aliyekosea.

*

Kisha memori ikawa bei rahisi. Mashine za gigabaiti moja, mbili, nne zikaingia majumbani, na watu wakaanza kulalamika kwamba kompyuta inaganda kila ikikopi faili kubwa. Mwaka 2007 Torvalds alishusha namba: kutoka 40 hadi 10 kwa kikomo kikali, na kutoka 10 hadi 5 kwa kile cha kuita gari. Hakukuwa na utafiti mrefu nyuma ya uamuzi huo. Ilikuwa ni kukisia kwa mtu mwenye uzoefu: 40 ni nyingi mno, tujaribu 10.

Malalamiko hayakuisha. Mapema mwaka 2008, watu waliokuwa wakijaribu Firefox 3 kwenye Linux waliona jambo: ukifungua ukurasa wa wavuti huku programu nyingine inaandika faili kubwa, Firefox nzima inasimama sekunde kadhaa. Wa kwanza kulaumiwa alikuwa Firefox, na alistahili kiasi fulani. Toleo hilo lilikuwa limeanza kuweka historia na alamisho zako kwenye hifadhidata ya SQLite, na karibu kila ukurasa uliofungua, iliamuru keneli kwa amri ya fsync: hakikisha data hii imefika diskini kabla sijaendelea. Ni sawa na mteja anayekataa risiti na kusema atasimama hapo hadi aone mzigo wake umepakiwa.

Lakini hata hivyo, mzigo wenyewe ulikuwa mdogo. Kwa nini umsimamishe kwa sekunde nyingi? Hapo ndipo mshtakiwa wa pili alipopatikana. Mfumo wa faili uliotumiwa na wengi wakati huo, ext3, ulikuwa na tabia katika hali yake ya kawaida: ukiomba faili moja ndogo ihakikishwe, unasafirisha karibu kila kitu kingine kinachongoja pamoja nayo. Bahasha yako haiondoki hadi sofa za watu wengine zipakiwe. Watu wa Firefox walipunguza zile amri kabla ya toleo rasmi la Juni 2008. Tabia ya ext3 ilibaki pale pale.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu ya jambo moja linalosumbua kila anayetafuta chanzo cha upole wa mashine: dalili ni moja, magonjwa ni mengi. "Kompyuta inaganda ikiandika" inaweza kuwa Firefox, inaweza kuwa ext3, inaweza kuwa kile kikomo, inaweza kuwa diski inakufa. Kwenye orodha rasmi ya hitilafu za keneli kuna faili maarufu, nambari 12309, lililofunguliwa karibu na mwisho wa 2008 kuhusu mashine kupooza wakati wa kuandika sana. Lilikusanya mamia ya maoni kwa miaka mingi. Kila aliyegandiwa na mashine alikwenda kulia pale. Mmoja ana diski ya aina hii, mwingine memori ya aina ile, wa tatu ameponywa na toleo jipya, wa nne ameharibiwa na toleo hilo hilo. Ilikuwa kama zahanati ambako kila mwenye joto mwilini amepangwa mstari mmoja na kuandikiwa "homa". Daktari gani atatibu foleni hiyo?

*

Sasa tufike mapema mwaka 2009, ambapo namba 20 ilizaliwa. Hiki ndicho kisa ninachokipenda, kwa sababu utafutaji ulifanyika inavyopaswa na bado ukaacha mtego.

Wahandisi waliokuwa wakipima matoleo ya majaribio ya Linux 2.6.29 walitumia programu iitwayo iozone, ambayo kazi yake ni kuandika na kusoma faili kwa namna mbalimbali na kutoa kasi. Kwenye toleo la sita la majaribio, kasi ilishuka ukilinganisha na zamani. Vyuma ni vilevile, kipimo ni kilekile, ila keneli mpya imerudi nyuma. Katika biashara hii hakuna kosa linaloudhi kama hilo, kwa sababu jana ilifanya kazi.

Tofauti na foleni ya 12309, hapa kulikuwa na kitu cha kushika. Mashine inajulikana: memori gigabaiti 8. Kipimo kinajulikana: faili la megabaiti 1,200. Toleo zuri linajulikana, na toleo baya pia. Ukiwa na hayo manne, chanzo hakiwezi kujificha muda mrefu. Kati ya toleo moja la keneli na linalofuata huwa kuna mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini huhitaji kuyasoma yote. Git, programu ya kutunza matoleo ambayo Torvalds aliiandika mwaka 2005, ina njia ya kugawanya nusu kwa nusu: unajaribu keneli ya katikati, ikiwa nzuri basi kosa liko nusu ya pili, ikiwa mbaya liko nusu ya kwanza, unagawanya tena. Mabadiliko 10,000 yanamalizwa kwa majaribio 14 hivi. Unakunywa chai nyingi ukingoja keneli zijengwe, lakini mwisho unabaki na badiliko moja mkononi.

Msako uliishia kwenye badiliko ambalo lilikuwa marekebisho. Yaani, mtu alikuwa ametengeneza kosa.

Keneli, pamoja na kikomo cha stoo nzima, huhesabu pia nani ameleta mizigo mingi kiasi gani, ili anayejaza sana asimamishwe mapema kuliko anayeleta kidogo. Ikagunduliwa kwamba hesabu hiyo ilikuwa na tundu: kulikuwa na njia za kuchafua memori ambazo hazikuandikwa kwa jina la mtu yeyote. Marekebisho yaliziba tundu. Sasa kila mzigo unaandikwa kwa jina la mwenyewe. Matokeo yake, iozone, ambayo ilikuwa inapitisha mizigo kwa mlango wa nyuma bila kuhesabiwa, ilianza kusimamishwa foleni. Kasi ikashuka.

Fikiria ungekuwa wewe ndiye unaamua. Njia rahisi ni kung'oa yale marekebisho: kasi inarudi, watu wanafurahi, na hesabu inarudi kuwa ya uongo. Hawakufanya hivyo. Walijiuliza swali ambalo mimi sikujiuliza kule Githurai: je, hili badiliko limeleta kosa, au limelifunua kosa lililokuwepo siku zote? Wakarudi kwenye ile 10. Ilichaguliwa mwaka 2007, wakati hesabu ilikuwa inavuja. Ilichaguliwa kwa kukisia, tena kwa makusudi ya kuwa kali. Huenda siku zote ilikuwa kali kupita kiasi, ila ukali wake haukuonekana kwa sababu baadhi ya mizigo ilikuwa haihesabiwi. Baada ya hesabu kunyooka, ukali ukaanza kuuma.

Basi Wu Fengguang, aliyekuwa kati ya watu walioielewa sana sehemu hiyo ya keneli, akatuma badiliko fupi: viwango viongezwe mara mbili. Kutoka 5 na 10 kwenda 10 na 20. Angalia hesabu yake na ile mashine. Asilimia 10 ya gigabaiti 8 ni kama megabaiti 800. Faili la megabaiti 1,200 linagonga ukuta. Asilimia 20 ni kama megabaiti 1,600. Faili linapita. Maelezo ya badiliko yalikiri wazi kwamba kiwango kipya kinatosha kwa shida tu kuondoa ule upungufu.

Utafutaji ulikuwa safi. Chanzo kilipatikana, ukweli wa hesabu ulilindwa, kasi ikarudi. Na kipimo kilichoamua yote hayo kilikuwa faili moja, kwenye mashine moja, yenye diski ya kawaida. Hakuna aliyechomeka flashi.

*

Flashi zilikuja kulalamikiwa baadaye. Mwaka 2011 watu waliona kwamba kukopi kitu kwenye flashi ya polepole kunaweza kugandisha programu zisizohusiana kabisa na flashi. Uchunguzi wa safari hiyo ulimpata mshtakiwa mwingine tofauti: keneli ilikuwa imeanza kupanga memori katika vipande vikubwa ili kuongeza kasi, na programu iliyohitaji kipande kikubwa ilijikuta inangoja data chafu iliyokuwa katikati ya nafasi hiyo iandikwe kwanza. Ikiwa data hiyo inaelekea kwenye flashi ya megabaiti 5 kwa sekunde, utangoja. Mel Gorman, mtaalamu wa memori ya Linux, ni mmoja wa waliofanya kazi ya kuondoa kungoja huko. Dalili ile ile tena, ugonjwa mwingine tena.

Halafu mwaka 2013 mtumiaji mmoja akaleta lalamiko ambalo, nilipolisoma, nilisimama nikazunguka chumba. Mashine yake ilikuwa na gigabaiti 16. Alikuwa anasema kwamba akikopi kwenye flashi kwa mfumo wa biti 64, mambo ni mabaya. Kwa biti 32, ni afadhali.

Sababu ni hii. Keneli ya biti 32 inaweza kufikia moja kwa moja memori ya megabaiti 900 hivi tu. Iliyobaki inatumika kwa mzunguko, na kwa kawaida haihesabiwi kwenye ile asilimia 20. Kwa hiyo hata ukiwa na gigabaiti 2, 4 au 16, kikomo cha data chafu kinabaki karibu megabaiti 180. Ukihamia biti 64, memori yote inahesabiwa. Kwa gigabaiti 16 kikomo kinaruka hadi zaidi ya megabaiti 3,000. Kwa flashi ya megabaiti 5 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya dakika 10 za mizigo iliyo stoo ambayo wenyewe wameshapewa risiti.

Sasa weka hesabu za duka letu. Kabla ya ile Jumapili: megabaiti 180, kwa flashi ya megabaiti 5 kwa sekunde, sekunde 36. Mstari ukifika mwisho, kilichobaki ni kama nusu dakika, muda ule ule mteja anaotumia kutafuta shilingi 50 na kuuliza kama msimu mpya umefika. Hakuna aliyejua kwamba tunaokolewa na utafutaji wa chenji. Baada ya Jumapili: kikomo megabaiti 1,600. Filamu ya megabaiti 700 inaingia yote stoo, mstari unakimbia hadi mwisho, na flashi inahitaji zaidi ya dakika mbili ambazo hakuna mtu wa Githurai atakaa kuzingoja huku kondakta anapiga mabati.

Kwa hiyo Mkubwa alikuwa sahihi. Tuliongeza memori, ikawa polepole. Alichosema kwa hasira ndicho wataalamu walichokuwa wamekiandika miaka minne kabla yake.

Torvalds katika mjadala ule wa 2013 alikubali kwamba asilimia hazina maana tena kwa mashine za kisasa, na akapendekeza kikomo kiwekwe dari karibu na kile cha biti 32. Wengine walikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wao ulikuwa wa haki: seva zenye diski za kasi zinafaidika na stoo kubwa. Ukishusha kikomo kwa ajili ya mwenye flashi, unamrudisha nyuma mwenye hifadhidata, na mwaka 2009 ungejirudia. Mjadala ulipoa. Namba ikabaki.

*

Mafanikio makubwa yalikuja kwa kupitia mtaa mwingine kabisa. Jim Gettys, mmoja wa wakongwe wa kompyuta, mwishoni mwa 2010 alianza kupiga kelele kuhusu intaneti ya nyumbani kwake: kwa nini kupakia faili kubwa kunafanya kila kitu kingine kiburute? Aligundua kwamba vifaa vya mtandao vilikuwa vimejazwa memori nyingi ya kulimbikiza, kwa sababu memori ni rahisi, na milundo hiyo ndiyo ilikuwa inachelewesha. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha dawa iitwayo CoDel. Badala ya kupima urefu wa foleni, pima muda ambao kitu kimekaa ndani yake. Foleni ndefu inayoenda haraka haina shida. Foleni fupi iliyosimama ndiyo mbaya.

Jens Axboe, msimamizi wa sehemu ya Linux inayozungumza na diski, alichukua wazo hilo na kulileta upande wake. Keneli itazame usomaji unachelewa kiasi gani, na ikiona unachelewa, ipunguze kasi ya kumwaga data chafu diskini. Kazi yake iliingia Linux 4.10, Februari 2017. Haikumaliza shida ya mteja anayechomoa flashi mapema, maana stoo bado inajaa vilevile, lakini kule kuganda kwa mashine nzima wakati mizigo inapakiwa kulipata mpinzani wa kweli. Ubuntu 16.04 niliyoiweka mimi ilikuja na keneli 4.4.

Na kuna jambo lililoniuma zaidi. Linux 2.6.29, lile toleo la mwaka 2009 lililozua kisa cha iozone, lilikuja pia na uwezo wa kuweka kikomo kwa baiti badala ya asilimia. Mistari miwili kwenye faili la mipangilio. Megabaiti 180 kwa kikomo, 90 kwa kuita gari, na duka letu lingerudi lilivyokuwa Jumamosi, memori zote 8 zikiwa ndani. Uwezo huo ulikuwa kwenye ile mashine mbele yangu kila siku niliyokatwa pesa.

Sikuupata kwa sababu sikutafuta ugonjwa. Nilijaribu flashi nyingine, nikabadilisha waya, nikaweka Ubuntu upya mara mbili, nikalaumu vumbi. Sikuwahi kukaa chini niandike: ni nini hasa kilibadilika kati ya Jumamosi na Jumatatu? Vitu viwili. Memori, na biti. Ningerudisha kimoja baada ya kingine, ningejua ndani ya saa moja ni kipi. Hicho ndicho wale wa iozone walinizidi. Mimi pia nilikuwa na toleo zuri na toleo baya, tena kwenye DVD zilizokuwa juu ya meza ile ile.

*

Mwaka jana nilipita Githurai nikaona duka bado lipo. Hakuna muvi tena. Watu wanatazama kwenye simu. Mkubwa anauza kava, chaja na earphone, na kompyuta ya zamani iko kona, haina hata skrini. Alinikumbuka. Nikamwambia nimepata jibu la swali lake, akacheka, akanivutia kiti.

Nilimweleza kwa karani wa parseli, kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza vizuri, maana amewahi kufanya kazi ya kupakia mizigo Nyamakima. Nilipofika kwenye stoo iliyoongezwa huku pikipiki ni ile ile moja, alinikatiza.

"Kwa hivyo memori yangu haikuwa na makosa."

"Hapana, Mkubwa."

"Na wewe hukuharibu."

"Niliweka kitu kizuri kwenye kanuni ya zamani."

Alikaa kimya kidogo. Akaniuliza ni pesa ngapi alinikata, nikamwambia sikumbuki, ingawa nakumbuka. Kisha akauliza hao watu wenye mashine yao wameshabadilisha hiyo namba. Asubuhi ile nilikuwa nimeiuliza laptopu yangu mwenyewe, yenye keneli mpya, na ilikuwa imenijibu.

"Bado," nikamwambia. "Ni ishirini."

Akatikisa kichwa, akageuka kumhudumia msichana aliyekuwa anauliza bei ya chaja.